Umefika Wapi?

Katika ukoo wetu sijamwona mtu anayesema ukweli kwenye simu akiulizwa amefika wapi. Sisemi hivi kuwatukana ndugu zangu, ndivyo tulivyo, na nyinyi mnaosoma mnajijua. Mtu akisema yupo Kiluvya, bado anatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda chake Kibaha. Akisema anashuka, ujue hajapanda. Anayepokea simu naye hadanganyiki. Anapunguza vituo kichwani, anakadiria, na wote wawili wanaelewana vizuri bila kukosana. Mume wangu ni mtu wa Mlandizi, na ndugu zake wamezidi. Wakinipigia kusema wako mlangoni, ndiyo kwanza nainjika chai.

Mimi ninaishi Pangani. Si ile ya Tanga, watu hunisumbua sana na hiyo; ni Pangani ya Kibaha, yenye mihogo na nyumba zisizokwisha kujengwa. Nafundisha shule ya msingi. Lakini nilikulia Kisarawe, kwa shangazi yangu, dada wa baba. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa sijui kujifunga kanga.

Shangazi alikuwa mwosha maiti. Mwanamke akifariki mtaani kwao, au hata mbele huko njia ya Maneromango, aliitwa yeye. Nilipokuwa msichana mkubwa alianza kunichukua nimmwagie maji. Kazi hiyo inaonekana ndogo. Mwosha anaosha, wewe unashika kopo unamimina pale anapopeleka mkono, upande wa kulia kwanza, na nguo aliyofunikwa marehemu haiondoki. Ukiharakisha, maji yanaruka. Ukizubaa, mkono wa mwosha unangoja. Shangazi hakuwa mtu wa kufoka, alisema tu, "Polepole. Huoshi sufuria."

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka msibani, kila mmoja na ndoo yake, akaniambia, "Mimi utanimwagia wewe. Hawa wengine mikono yao ina haraka." Nilicheka. Yeye hakucheka, na tangu siku ile nilijua kwamba nimepewa kazi.

Alifariki mwaka huu, masika yakiwa yameanza. Baba mkubwa, yaani kaka yao mkubwa yeye na baba yangu, alinipigia simu baada ya sala ya alfajiri. Nilijua kabla hajasema. Hakuna mzee anayepiga simu saa ile kukujulia hali.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Shangazi yako ametutoka. Usiku, usingizini. Hakumsumbua mtu."

Nilikaa chini sakafuni. Mume wangu alikuwa Magindu, kwenye ng'ombe wa baba yake, na huko mtandao unakamatika mtu akipanda kichuguu. Nilikuwa peke yangu na mkoba wa shule niliokwisha kuupanga.

"Nakuja," nilisema. "Baba mkubwa, maji nimmwagie mimi. Aliniambia."

"Hata mimi aliniambia. Lakini mwanangu, huku kumetanda. Mawingu yameshuka mpaka kwenye miti. Ikinyesha, kaburi litajaa maji, udongo wa huku unaujua. Nataka azikwe baada ya adhuhuri tu." Nikasikia watu wakiburuta mabenchi nyuma yake. "Tufanye hivi. Nitakupigia. Nikikupigia umeshafika Magomeni, tutakungoja, hata mvua inyeshe. Ukiwa bado uko huko nyuma, nitawaambia wamwoshe."

Nilikubali. Kulikuwa na haki ndani yake.

Asiyeijua nchi yetu atashangaa. Kibaha na Kisarawe ni mkoa mmoja, na ukiziona kwenye ramani unaweza kuziziba zote mbili kwa kidole gumba. Lakini njia ya kukata huku kwa huku, ya kupitia Mzenga, masika hugeuka tope la kuzika magurudumu. Kwa hiyo tunashuka mpaka mjini, Dar es Salaam, halafu tunapanda tena upande wa pili. Ni mzunguko wa kipuuzi. Nimeufanya miaka yote nikiulaani, na asubuhi ile niliulaani kwa sauti.

Kituoni nilikuta foleni ya watu wa kazini, wamenyooka kimya, kila mmoja na simu yake. Basi la mwendokasi lilikuwepo, limezimwa, mlango wazi, na dereva yuko pembeni anakunywa uji. Nilimtazama kila funda. Namwomba Mungu anisamehe kwa niliyomtakia yule baba wa watu, maana alikuwa na haki ya uji wake. Alipomaliza alisuuza kikombe. Kisha akaanza kukifuta.

Watu wa mjini wanaposema mwendokasi wanafikiria zile njia za katikati, za zege, ambazo basi halisimamishwi na mtu. Sisi wa Kibaha tunajua kwamba kasi inaanzia Kimara. Kabla ya hapo basi ni gari kama gari jingine, linabanana na malori ya Kongo na Zambia na mabasi ya mikoani. Kibamba tulisimama. Mbezi tulisimama zaidi, lori lilikuwa limelala ubavu na watu wanalipiga picha. Nilikuwa nimekaa dirishani, nikalifungua, nikaangalia mbinguni upande wa Kisarawe. Kulikuwa kweusi.

Hofu yangu haikuwa ya kuukosa msiba. Msiba ungeningoja, misiba yetu inakaa siku kadhaa. Haikuwa hata ya kuyakosa mazishi, maana kwetu wanawake hawaendi makaburini. Sisi tunaishia uani, jeneza likitoka tumeagana. Nilichoogopa ni kile chumba. Niliwaza shangazi amelala juu ya kitanda cha kamba, chini yake kumechimbwa ufuo, lile shimo la kupokea maji ya kuoshea, na mtu mwingine ameshika kopo. Mtu mwenye haraka. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba angejua. Mwalimu mzima, nasomesha watoto sayansi, na nilikuwa na hakika kwamba angejua.

Kimara tulibadilisha basi. Nilikimbia kwenye daraja la kituo na viatu mkononi, sikujali. Basi la kwenda Gerezani lilikuwa linafunga milango, nikajipenyeza. Likaondoka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nilihisi tunakwenda. Magari upande wa kulia yamesimama, magari upande wa kushoto yamesimama, na sisi katikati tunapita. Nilianza kuhema vizuri.

Basi lile lilikuwa na sauti ya kutangaza vituo, sauti ya mwanamke aliyerekodiwa, mpole, asiye na shida duniani. Mabasi mengine sauti hiyo imekufa siku nyingi. Ya hili ilikuwa hai lakini imechelewa. Tulipofika Ubungo ndiyo kwanza ilitangaza, "Kituo kinachofuata, Kimara Korogwe," kituo tulichokwisha kukiacha zamani. Watu wakacheka kidogo. Baba mmoja mwenye boksi la vifaranga akasema, "Huyu dada tumemwacha Kimara, anakuja kwa miguu." Na mimi nilitabasamu, naliona tabasamu lile mpaka leo. Manzese ikapita, sauti ikatangaza Kimara tena, ile ya Bucha. Kila tulipokwenda mbele yeye alizidi kubaki nyuma.

Simu iliita tunaingia Magomeni.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Magomeni, baba mkubwa." Nilisema kwa fahari. Nadhani sijawahi kulitamka jina la mahali kwa ukweli namna ile. "Nipo Magomeni Mapipa, basi linasimama sasa hivi. Ningojeni."

Na hapo juu ya kichwa changu, kwenye spika iliyokuwa karibu na sikio langu kuliko sikio la mtu mwingine yeyote ndani ya basi, sauti ikasema, "Kituo kinachofuata, Kimara Baruti."

Nilisikia pumzi ya baba mkubwa.

"Baba mkubwa, hiyo ni sauti mbovu. Basi linatangaza vibaya. Mimi niko Magomeni, wallahi."

"Sawa, mwanangu," alisema, kwa upole. Ule upole ndio ulionitia hofu. Ni upole tunaompa mtu tunayejua anadanganya na hatutaki kumwaibisha. "Wala usiape. Njoo salama."

Akakata.

Nilipiga tena. Haikupokelewa. Nikapiga tena, ikawa inatumika. Siku ya msiba simu ya mwenye msiba ni ya watu wote. Nilimpigia binamu yangu wa kike, akawa hapatikani, na nikaelewa kwa nini: wanawake wanaoingia chumbani kuosha huzima simu zao. Kama ameshazima, basi wameshaingia.

Yule baba wa vifaranga alikuwa amesikia. Aliniambia, "Nipe niongee naye, nitamwambia tuko Magomeni." Nilimshukuru lakini nilijua haitasaidia. Hiyo nayo ni njia yetu, kuazima shahidi. Mara ngapi mimi mwenyewe nimempa mtu simu nikimkonyeza, "Mwambie tumeshafika Mbezi." Baba mkubwa angesikia sauti ya mwanamume asiyemjua na angezidi kunihurumia.

Nililia pale pale kwa hasira. Nilimkasirikia mwanamke wa kwenye spika kana kwamba ni mtu, kana kwamba anaishi mahali na nitamfuata. Kwa daladala hili lisingetokea. Konda wa daladala hupiga kelele hata kama hakuna anayesikiliza, na kelele zake ni za mahali alipo. Jangwani tulivuka taratibu, maji ya mto yamepanda lakini hayajafika barabarani, na sauti ikaendelea kutusafirisha Kimara.

Gerezani niliruka chini nikatafuta bodaboda. Niliyempata alikuwa mwanamume wa makamo, ana kofia ya kiua, haonekani kuwa na papara, nikaona nimekosea. Nilimwambia Kisarawe. Akaniangalia kanga.

"Msiba, dada?"

"Msiba."

"Wanazika saa ngapi?"

"Adhuhuri. Lakini mimi nawahi kuosha."

Hakuuliza zaidi. Alinipa kofia ngumu, akafunga kamba yake mwenyewe chini ya kidevu changu, kama namna ya kunipa pole.

Barabara ya uwanja wa ndege ilikuwa imefungana. Njia ya mwendokasi ya kwenda Gongo la Mboto ilikuwa bado inajengwa. Katikati ya barabara kumelazwa zege jeupe, pana, tupu, vituo vyake havina mabati yote, na pande zote mbili magari yamekaa yanaunguruma bila kwenda. Nililitazama zege lile nikaona nimefanyiwa dhihaka. Kwenye njia iliyokamilika nilikuwa nimeponzwa na basi lenyewe. Hapa njia ipo na basi halipo.

"Shika vizuri," alisema yule baba, na akapenya kati ya vizuizi viwili.

Tulikwenda humo. Sijui kama inaruhusiwa, nadhani hairuhusiwi, na hatukuwa peke yetu. Bodaboda nyingine zilikuwa zinatangulia, na mama mmoja alikuwa anatembea katikati na ndoo ya samaki kichwani. Tazara, Vingunguti, uwanja wa ndege, Banana, vyote vilipita pembeni. Mahali ambapo zege lilikatika tulishuka kwenye kifusi, tukapanda tena. Niliogopa kuanguka, na niliogopa zaidi asije akapunguza mwendo. Nilikuwa nasema polepole moyoni, namwambia mwosha nisiyemjua, polepole, upande wa kulia kwanza, msimalize.

Pugu tukaanza kupanda. Hewa ilipoa, miti ya msituni ikasogea barabarani. Matone makubwa machache yalinipiga usoni, mazito, yakaacha. Mawingu yalikuwa pale pale juu yetu kama alivyosema baba mkubwa.

Uani kwa shangazi wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi upande wa barabarani, wanasoma Kurani. Baba mkubwa aliponiona nikishuka alisimama. Nilimwona ameshituka, uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta hesabu imekosewa wapi. Sikumsalimu. Sijawahi kupita mbele yake bila shikamoo maisha yangu yote, na siku ile nilipita.

Mlangoni nilikutana na harufu ya kafuri na udi. Nikajua. Lakini mtu hata akijua anauliza.

"Mmeshamwosha?"

Mwosha alikuwa bibi wa mtaa wa pili, shoga wa shangazi, mikono bado imelowa mpaka kwenye viwiko. "Tumemaliza sasa hivi, mwanangu. Ndiyo tumemvisha." Alinishika bega. "Ameoshwa vizuri. Usiwe na wasiwasi, ameoshwa vizuri."

Aliyemwaga maji alikuwa binamu yangu. Alisimama pembeni na kopo mkononi, hajui aliweke wapi. Hakuwa na kosa. Nilitaka kumnyang'anya lile kopo hata hivyo.

Walinifunulia uso. Nilisimama mbali kidogo, maana tunaambiwa machozi yasimwangukie marehemu, na mimi sikuwa na uhakika na machozi yangu. Shangazi alikuwa kama mtu anayesikiliza kitu kwenye chumba cha jirani. Nilimwomba radhi. Sikumweleza habari za basi, ningeanzia wapi? Kisha wakamfunika, wanaume wakaitwa, jeneza likatoka, na sauti zao zikaenda zikipungua kuelekea makaburini. Sisi tukabaki.

Bibi mwosha alinipa jembe. "Basi wewe fukia ufuo," alisema. "Nayo ni kazi ya mtu wake."

Niliingia peke yangu. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Shimo lilikuwa limekunywa karibu maji yote, chini kumebaki tope laini lenye harufu ya kafuri. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono. Bado lilikuwa na uvuguvugu. Walikuwa wamepasha maji vizuri, hawakumtia baridi. Nilikaa vile muda mrefu, mkono ndani ya maji niliyotakiwa kuyamwaga. Halafu nikasimama nikarudishia udongo, kidogo kidogo, kwa jembe na kwa mikono, mpaka sakafu ikawa sawa.

Wanaume waliporudi, baba mkubwa hakukaa na wenzake. Alikuja upande wa jikoni nilikokuwa nanawa, suruali yake ina udongo magotini. Nilimwamkia. Aliitika, akavuta kigoda, akakaa.

"Mtu aliyekuwa Kimara," alisema mwishowe, "asingefika saa ile. Nimepiga hesabu tangu tuko kaburini. Asingefika."

"Sikuwa Kimara, baba mkubwa. Nilikuwa pale nilipokwambia."

Alitikisa kichwa. Juu yetu mawingu yalikuwa yameanza kuachana, na jua lilikuwa linapiga kwenye bati la jiko. Haikunyesha siku ile. Aliliangalia lile jua, akaangalia viganja vyake.

"Ningekungoja," alisema.

Nilifungua mdomo nimwambie haidhuru, maana mzee alikuwa amechoka na ametoka kumfukia mdogo wake. Nikaufunga, nikarudi kunawa.